Moto wa Buluu

Kabla hatujaanza, kila aliye na koroboi karibu naye aitazame. Mwali wake ni wa manjano, na juu ukutani kuna masizi. Masizi hayo ni chembe za kaa zilizokosa hewa, zikashindwa kuungua.

Shida hiyo ilimsumbua Robert Bunsen, mwalimu wa kemia katika mji wa Heidelberg, Ujerumani. Mwaka 1855 alipata maabara mpya yenye gesi ya makaa ya mawe, ileile iliyowasha taa za mji. Lakini yeye hakutaka mwanga. Alitaka joto lisilo na masizi. Fundi wake, Peter Desaga, akasimamisha bomba lenye matundu chini. Gesi ikipanda kwa kasi huvuta hewa katika matundu hayo, na viwili hivyo huchanganyika kabla ya kuwaka. Mwali ukatoka wa buluu, mkali. Bunsen hakudai haki ya uvumbuzi, basi kila mtu akaiga. Njia hiyo ikaingia majikoni, hata katika tanuri za viwanda.

Watu wakasema, huu ndio moto safi. Kumbe sivyo! Karibu sehemu nne katika tano za hewa ni naitrojeni, ambayo kwa kawaida hukaa kimya motoni. Mwaka 1946 Yakov Zeldovich, mtaalamu wa Urusi ya Kisovieti, alieleza jinsi joto lipitalo kiasi cha digrii 1,500 linavyoilazimisha kuungana na oksijeni. Halafu, katika miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit alionyesha huko California, Marekani, kwamba gesi hizo pamoja na mvuke wa petroli, zikipigwa na jua, hufanya ule ukungu uliowawasha macho watu wa Los Angeles. Magari yalichangia sana, lakini mitambo ya umeme nayo ilikuwamo.

Hapo wahandisi walibanwa. Hewa ikipungua, masizi na gesi yenye sumu hurudi. Ikizidi mno, joto hupotea dohani. Moto ukiwa mkali kupita kiasi, naitrojeni huungana. Mwishoni mwa miaka hiyo, kusini mwa California, walijaribu kuigawa hewa: kwanza pungufu, gesi iungue nusu, kisha, mwali ukiisha toa sehemu ya joto lake, hewa iliyobaki huingizwa kumalizia. Baadaye wengine walirudisha ndani ya mwali moshi uliokwisha poa, ili kuutuliza.

Sasa andikeni katika madaftari yenu: mwali, masizi, tundu, naitrojeni. Kwaherini.