Waranti ya Kwenda Mlimani

Watu hupenda kusema Kigoma ni mwisho wa reli. Sisi wa Kasulu tuko mbele ya huo mwisho, kwenye barabara iliyokuwa ya vumbi. Mwaka 1987, nilipochaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilidandia lori la maharage mpaka stesheni. Nauli ya treni sikuwa nayo. Nilikuwa na waranti.

Vijana wa leo waranti hawaijui. Ilikuwa karatasi ya Serikali: jina lako, unakotoka, unakokwenda, na muhuri. Unaipenyeza dirishani, karani anakupa tiketi, deni linabaki baina ya Serikali na Shirika la Reli. Baba aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga, akaniuliza kwa Kiha kama kweli ni mimi ninayelipiwa.

Alikuwa na sababu ya kushangaa. Chuo chenyewe kilifunguliwa 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru, ndani ya jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria. Mlimani kilihamia 1964. Wasomi walikuwa wa kuhesabika, hivyo aliyefaulu alihesabiwa mali ya umma: nauli, ada, kitanda na sahani yake vikawa juu ya Serikali. Ila mali ya umma haijipangii. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la lazima pamoja na makato ya mshahara yaliyoambatana nalo. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, wakarudishwa makwao, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nikiwa kijana niliona walionewa. Siku hizi sina hakika.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Serikali yetu ilianza na jembe. Kabla ya chuo nilitumikia mwaka mzima kambi ya JKT ya Makutupora, Dodoma, kwa hiyo nilipofika Mlimani, kulala na watu nisiowajua, kuamka gizani na kufua kwa zamu havikunisumbua. Kilichonisumbua ni starehe. Kafeteria unapanga foleni na trei, unapakuliwa wali na nyama, na hakuna anayekuuliza umelima wapi. Mimi wa ugali wa muhogo nilikula wiki nzima mpaka nikajionea haya.

Jumapili ya kwanza ndipo upweke uliponipata. Nilifungua sanduku langu la bati kutafuta kalamu, nikakuta chupa ya mawese aliyonifungia mama imevuja juu ya shati jeupe, shati pekee nililokuwa nalo la kuingilia darasani. Chumba kizima kilinuka jikoni kwetu. Mwenzangu wa chumba, mtoto wa Tanga, alicheka hadi akakaa chini. Shati lile sikulifua kwa siku tatu. Lilipofuliwa, doa halikutoka, nikalivaa hivyo hivyo hadi mwaka wa pili.

Kuta nazo zilikuwa na mwenyewe: Mzee Punch, mwandishi asiyejulikana, aliyebandika michoro na kejeli za kuumbua wanafunzi. Tuliambiwa ni utani wa chuo, tukacheka ili tusichekwe. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Hapo hata waliozoea kucheka walinyamaza.

Uchangiaji gharama ulianza 1992/93, na nauli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuondolewa. Mwaka uliofuata vikafuata chakula na malazi. JKT la lazima nalo likasimama 1994, likarudi 2013. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004, na mali ya umma ikawa mdaiwa wa umma.

Mwaka 2019 nilimpeleka binti yangu Mlimani kwa basi. Kujiandikisha alimaliza kwenye simu kabla hatujafika Morogoro. Kitanda hakikupatikana, akabebana na rafiki yake katika kitanda kimoja cha hosteli, wakisubiri bumu, yaani fedha za mkopo, litoke. Nilimpa chupa ya mawese, nimeifunga kwa mifuko mitatu. Alinitazama akasema, "Baba, haya Dar yanauzwa." Akaichukua lakini.

Waranti yangu niliipeleka dirishani Kigoma, haikurudi. Ile ya likizo ya Krismasi sikuitumia, nikaihifadhi ndani ya Biblia ya mama, mchwa wakaimaliza na kitabu cha Zaburi. Msomaji, kama una yako, au ya mzazi wako, usiitupe. Ipeleke kwenye hifadhi ya nyaraka, au walau itie kwenye bahasha uandike nje ilikuwa ya safari gani.