Mgeni ni Nani? Filamu za Utawala wa Idi Amin na Ukimya wa Busia na Malaba

Utangulizi

Upo utanzu mdogo wa filamu za kihistoria unaosimulia maisha ya wageni wakaazi waliojikuta chini ya utawala wa kidikteta wakati wa vita. Mfano unaofahamika ni Tea with Mussolini (1999) ya Franco Zeffirelli. Humo mabibi wa Kiingereza waishio Florence wanaamini kwamba adabu zao, pasipoti zao na kikombe cha chai ambacho mmoja wao amekunywa pamoja na Mussolini vitawakinga. Italia inapoingia vitani dhidi ya Uingereza mwezi wa Juni 1940, mabibi hao wanakamatwa na kuzuiliwa San Gimignano. Mtazamaji anauona ufashisti kupitia macho ya watu ambao wangeweza kuondoka mapema, lakini hawakuondoka.

Afrika Mashariki nayo ina kisa kinachokaribiana na hicho, nacho ni cha Uganda chini ya Idi Amin, 1971 hadi 1979. Makala haya yanachunguza jinsi filamu tatu zilivyomsawiri mgeni katika Uganda hiyo. Hoja yetu ni kwamba filamu hizo zimemtafuta mgeni wao kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe, zikamsahau mgeni aliyepita Busia na Malaba, yaani Mkenya. Usahaulifu huo haukutokea kwa bahati mbaya, kwa kuwa mgeni wa namna hiyo anauvunja utanzu wenyewe.

Kuhusu neno ufashisti

Ni vyema kwanza tutahadhari na istilahi. Ufashisti wa Italia ulikuwa na chama, itikadi na nadharia ya dola. Amin hakuwa na chama. Alikuwa na jeshi, amri za kiserikali zilizotangazwa redioni, na idara ya ujasusi iliyojificha chini ya jina la utafiti wa serikali. Hata hivyo, ulinganisho haukubuniwa na wahakiki. Mwezi wa Septemba 1972 Amin mwenyewe alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, simu ya maandishi akisifu mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Hitler. Kikombe cha chai nacho hakikukosekana: Uingereza iliitambua serikali yake katika majuma ya mwanzo baada ya mapinduzi ya Januari 1971, na mwezi wa Julai mwaka huohuo akakaribishwa London. Watanzania walimwita nduli, neno ambalo pengine linamfaa kuliko fashisti.

Wageni watatu wa filamu

Filamu ya kwanza ni Rise and Fall of Idi Amin (1981) ya Sharad Patel, iliyopigwa nchini Kenya muda mfupi baada ya Kampala kutekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mwigizaji mkuu ni Joseph Olita, Mkenya. Jambo la ajabu katika filamu hii ni kuwapo kwa Denis Hills, mhadhiri Mwingereza aliyehukumiwa kifo mwaka wa 1975 kwa sababu ya aliyoandika juu ya Amin katika muswada wa kitabu chake The White Pumpkin. James Callaghan, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alisafiri hadi Kampala ndipo Hills akaachiliwa. Katika filamu, Hills anajiigiza mwenyewe. Mgeni huyu aliponea chupuchupu, kisha akapewa nafasi ya kurudi mbele ya kamera kuthibitisha kwamba aliponea.

Ya pili ni Mississippi Masala (1991) ya Mira Nair. Inaanzia Kampala mwaka wa 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka. Jay, wakili mzaliwa wa Uganda, haamini kwamba yeye ni mgeni mpaka Okelo, rafiki yake tangu utotoni, amwambie kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi. Olita anaonekana tena humu akiwa Amin. Ya tatu ni The Last King of Scotland (2006) ya Kevin Macdonald, iliyotokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka wa 1998. Humo daktari kijana wa Kiskoti, mhusika wa kubuni, anakuwa msiri wa Amin, na mwishowe anatoroka Entebbe katika ndege ya mateka walioachiliwa mwaka wa 1976.

Tukizilinganisha filamu mbili za mwisho tunagundua muundo mmoja. Okelo anamnusuru Jay, kisha anauawa. Jay anaupata ukweli huo miaka mingi baadaye, anaporudi Kampala kufuatilia mali yake. Daktari Junju anamnusuru Mskoti akimhimiza akaueleze ulimwengu ukweli, kwa kuwa yeye, kama mzungu, ataaminiwa. Kisha Junju anauawa. Katika visa vyote viwili Mwafrika analipa nauli ya mgeni. Macdonald anaitamka mantiki hiyo waziwazi kupitia kinywa cha Junju, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini baada ya kuitamka, anaifuata.

Mgeni aliyeshika jembe

Sasa tuutazame uwanja uleule wa Entebbe, mwaka uleule wa 1976, nje ya filamu. Mapema mwaka huo Esther Chesire, Mkenya aliyekuwa akisoma Makerere, alikamatwa hapo akisafiri kurudi nyumbani. Hakuonekana tena. Mgeni wa kubuni alipita mlango ambao mgeni wa kweli hakuweza kuupita.

Wala hakuwa peke yake. Wakenya walifanya kazi Uganda kwa miongo mingi: mashambani, viwandani, na katika mashirika ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kama vile reli na posta. Mwaka wa 1970 serikali ya Obote iliwafukuza makumi ya maelfu yao, lakini wengine wengi walibaki. Baada ya makomando wa Israeli kuwaokoa mateka wa Entebbe Julai 1976, na ndege zao kutia mafuta Nairobi, Wakenya hao ndio waliolipizwa kisasi. Ripoti za wakati huo zilitaja mamia ya waliouawa na maelfu waliokimbia. Waliokimbia walielekea kwao kwa barabara na reli, na njia kuu za kwao zilikuwa Busia na Malaba.

Methali husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkenya wa Uganda ni mgeni aliyekwisha kupewa jembe. Hakuja kustaajabia nchi, na hakuna waziri aliyepanda ndege kwenda kumwombea. Kwa sababu hiyo hafai kuwa jicho la mtazamaji wa mbali, ambaye anahitaji mhusika anayeshangaa pamoja naye.

Mpaka unapomfuata mtu

Kuna sababu ya ndani zaidi. Utanzu huu unamtaka mgeni awe mgeni bila shaka yoyote. Lakini Wateso wanaishi Malaba na Tororo, na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Mteso wa Malaba aliyefanya kazi Tororo alizungumza lugha ya jirani zake, akazika na kuoa miongoni mwao. Ugeni wake ulianza pale askari alipomwomba kitambulisho, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo Amin aliifanya lugha ya taifa mwaka wa 1973. Lugha iyo hiyo ndiyo iliyotumiwa sokoni Busia kupatana bei ya ndizi na samaki. Ndiyo kusema kwamba lugha moja ilikuwa ya ujirani upande huu wa kizuizi, na ya hofu upande wa pili.

Februari 1976 Amin alikwenda mbali zaidi. Akitumia mipaka ya kabla ya 1902, mwaka ambao mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande wa Kenya, alidai kwamba magharibi ya Kenya ilikuwa ardhi ya Uganda. Wakenya waliandamana, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakasusia shehena za Uganda. Tuyazingatie madai hayo kwa mtazamo wa mkaazi wa Busia. Kwa muda wa majuma kadhaa aliambiwa kwamba angeweza kuwa raia wa nduli, au mgeni chini yake, bila kutoka uani kwake. Mabibi wa Florence waliufuata ufashisti walikoishi kwa hiari yao. Huyu ulitaka kumfuata nyumbani. Hakuna hata moja kati ya filamu zetu tatu yenye mhusika wa kulibeba jambo hilo.

Hitimisho

Huenda ikasemwa kwamba filamu si kitabu cha historia, na kwamba mtazamaji wa ng'ambo anahitaji mpatanishi. Tunakubali. Lakini Rise and Fall of Idi Amin ilipigwa Kenya na kuigizwa na Wakenya, na hata hivyo mgeni aliyeitwa kuja kujiigiza alikuwa Mwingereza. Kwa hiyo tatizo haliko ng'ambo pekee. Nasi pia tumejifunza kumtambua mgeni kwa pasipoti yake.

Ndege inapopaa kisa hufungwa. Mpaka wa miguu haufungi kisa, kwa kuwa aliyevuka anaendelea kuishi mkabala na alikotoka, na pengine kesho anavuka tena kwenda kuuza nyanya. Tangu mwaka wa 2018 ofisi za pamoja za Busia zimekuwa zikiwahudumia wasafiri wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Miongoni mwa wanaopanga foleni hapo wamo watu waliovuka mwaka wa 1976 wakiwa watoto mgongoni. Mtunzi wa filamu atakayewauliza walivyovuka atalazimika kwanza kutafuta umbo jipya la kisa, kwa sababu umbo lililopo halina nafasi ya mgeni ambaye pia ni jirani.