Kutoka Waya hadi Hewa: Historia ya Kupima Malori kwa Kompyuta, Ilivyoonekana Malaba

Historia ya njia ya Mombasa hadi Kampala huandikwa kwa mambo makubwa: misafara ya wapagazi, reli, lami, na siku hizi kituo cha mpakani cha pamoja. Mimi nataka kuandika juu ya kitu kidogo kinachotosha mfukoni. Ni adapta inayochomekwa chini ya usukani wa lori na kutuma habari za injini kwenye kompyuta bila waya. Hoja yangu ni kwamba kifaa hiki hakikuletwa na ugunduzi mmoja, bali na mfululizo wa makubaliano. Pale ambapo watu walikubaliana, fundi wetu anafanya kazi. Pale ambapo hawakukubaliana, au walikubaliana bila yeye, anakwama hata akiwa na kifaa kizuri.

Nimekulia Malaba, upande wa Uganda. Mjomba wangu, ndugu yake mama, ana gereji karibu na maegesho ya malori na amefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Katika likizo yangu ya mwaka wa pili aliniita. Alikuwa amenunua adapta ya pasiwaya, na katika uwanja wake lilisimama trela lililotoka Mombasa, taa ya injini inawaka na nguvu zimepungua. Dereva alikuwa amekuja kutoka Eldoret kwa gia za chini.

"Njoo, wewe ndiye msomi," mjomba aliniambia. Nilimkumbusha kwamba nasoma historia na Kiswahili. Akajibu, "Basi soma historia ya hili lori, utuambie linaumwa wapi."

Aliutania usomi wangu, lakini alisema kweli. Lori la kisasa huandika historia yake lenyewe. Kila kasoro huwekewa namba na kuhifadhiwa ndani ya kompyuta ya injini. Swali la kihistoria ni hili: nani aliruhusiwa kuisoma, na kwa chombo gani?

Kabla ya miaka ya 1980, lori la dizeli halikuwa na cha kusomwa. Pampu ilikuwa chuma kitupu, na fundi alitegemea sikio, pua na kiganja. Kompyuta zilipoanza kudhibiti injini, watengenezaji wa mwanzo walitumia taa. Fundi alihesabu inavyomweka, kisha akatafuta namba hiyo kitabuni. Kila kampuni ilikuwa na hesabu yake. Hali hiyo ni kama soko ambalo kila muuzaji ana lugha yake na hakuna mkalimani.

Makubaliano ya kwanza makubwa yalitoka Marekani. Katika miaka ya 1980 Chama cha Wahandisi wa Magari, SAE, kilitoa viwango vya J1708 na J1587 kwa magari mazito. Cha kwanza kilieleza waya na umeme, cha pili kikaeleza maana ya ujumbe unaopita humo. Mwendo wake ulikuwa biti 9,600 kwa sekunde. Wakati huohuo kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilikuwa ikitengeneza mfumo wa CAN, ambao uliiwezesha kompyuta nyingi kuzungumza kwenye jozi moja ya waya bila kuvurugana. Kazi hiyo ilianza mwaka 1983, na mfumo ukatangazwa Detroit mwaka 1986. Juu ya CAN ndipo SAE ilipojenga kiwango cha J1939 katika miaka ya 1990, kwa mwendo wa biti 250,000 kwa sekunde. Soketi nayo ilibadilika, kutoka ya mviringo yenye pini 6 hadi ya mviringo yenye pini 9. Baadaye ikaja ya kijani, kwa malori yenye mwendo wa biti 500,000.

Malori mengi yanayopita kwetu yametengenezwa kwa desturi ya Ulaya. Hutumia umeme wa volti 24, tofauti na ya Marekani ya volti 12, na mengi yana soketi bapa ya pini 16 inayofanana na ya gari dogo. Ndiyo maana onyo la kwanza la mjomba halikuhusu kompyuta. Alisema kifaa kilichotengenezwa kwa gari dogo la volti 12 kisichomekwe kwenye lori bila kusoma maandishi yake, kwa sababu kinaweza kuungua kabla hakijasema neno. Amewahi kuunguza kimoja, na hasahau bei yake.

Makubaliano ya pili yalihusu kompyuta ya fundi. Hapo awali kila mtengenezaji wa lori aliuza programu pamoja na kifaa chake, na gereji yenye wateja mchanganyiko ilihitaji kabati zima la vifaa. Katika miaka ya 1990, baraza la matengenezo la chama cha wasafirishaji kwa malori cha Marekani lilitoa pendekezo liitwalo RP1210. Lilieleza jinsi programu yoyote itakavyozungumza na adapta yoyote. Tangu hapo adapta moja iliweza kutumika na programu za kampuni mbalimbali.

Hapa nawaomba wasomaji wangu watazame uwanja wa mjomba. Dereva ni Mswahili wa Pwani, tanboi wake ametoka Rwanda, mjomba ni Mteso, na muuza vipuri ni Mganda. Kila mmoja ana lugha ya kwao, lakini kazi inafanyika kwa Kiswahili. Hakuna aliyelazimika kujifunza lugha nne ili kubadilisha mkanda wa feni. Walichokifanya madereva na mafundi wa njia hii kwa Kiswahili, ndicho wahandisi walichokifanya kwa RP1210.

Makubaliano ya tatu yalihusu hewa. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu baadhi ya masafa ya redio, yakiwemo ya karibu gigahezi 2.4, yatumiwe kwa mawasiliano bila kila mtumiaji kuombewa leseni. Humo ndimo zilimokuja kufanya kazi teknolojia mbili tunazozijua sote. Kiwango kinachotumiwa na Wi-Fi kilitolewa mwaka 1997. Bluetooth ilianzia kwa Ericsson ya Uswidi mwaka 1994, na mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba ziliunda umoja wa kuisimamia. Jina lake lilitokana na Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayekumbukwa kwa kuunganisha watu waliogawanyika. Hakuna hata moja kati ya teknolojia hizi iliyobuniwa kwa ajili ya malori. Watengenezaji wa adapta waliitumia njia iliyokwisha kufunguliwa na wengine.

Sasa nirudi kwenye trela. Tulichomeka adapta, taa yake ikawaka. Adapta hii hutoa mtandao wake yenyewe wa Wi-Fi, na jina na namba ya siri vimebandikwa mgongoni. Niliuchagua mtandao huo kwenye kompyuta mpakato, nikaandika namba, ikaungana. Nilifungua programu, ikasema hakuna gari. Mjomba alicheka, akamwambia dereva afungue swichi bila kuwasha injini. Adapta hupata umeme muda wote, lakini kompyuta za lori hulala swichi ikiwa imefungwa.

Swichi ikafunguliwa, na programu bado ikasema hakuna gari. Ilinichukua karibu saa nzima kuelewa kwamba programu ilikuwa bado inatafuta adapta ya zamani ya waya. Katika orodha ya vifaa ilinibidi nichague jina la ile mpya. Orodha hiyo ndiyo RP1210 kwa vitendo: vifaa tofauti vimepangwa foleni, na programu inaambiwa izungumze na kipi.

Ndipo likatokea jambo lililonifanya niandike insha hii. Programu ilidai kwanza ihakikishe leseni yake kwa intaneti. Lakini kompyuta ilikuwa imeungana na mtandao wa adapta, ambao unaishia kwenye lori na haufiki duniani. Nikiuacha mtandao wa lori ili nipate intaneti, nalipoteza lori. Nikirudi kwa lori, naipoteza leseni. Hatimaye tuliiunganisha simu yangu na kompyuta kwa waya wa USB ili simu ilete intaneti, na Wi-Fi ibaki na lori. Tulikuwa tumenunua pasiwaya, na waya ukarudi kwa mlango wa nyuma.

Kasoro zilionekana mbili. Ya kwanza ilikuwa ya sensa ya presha ya dizeli. Mjomba hakubadilisha sensa. Aliufuata waya wake kwa vidole hadi chini ya kabini, akakuta umesuguliwa na chuma hadi shaba ikaonekana. Mashine ilitaja mtaa, na mkono wa fundi ukaitafuta nyumba. Ya pili ilihusu nozeli iliyobadilishwa njiani. Kwa lori lile, namba ya nozeli mpya lazima iandikwe ndani ya kompyuta ya injini. Mjomba ana sheria yake: kusoma ni kwa hewa, kuandika ni kwa waya, kwa sababu mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika, kompyuta ya injini inaweza kufa. Tukachukua waya. Programu ikakataa hata hivyo. Ilitaka kibali ambacho mtengenezaji huwapa mawakala wake tu.

Dereva alisubiri hadi jioni akipiga simu kwa tajiri wake. Mwishowe aliondoka kwenda Kampala, nguvu zimerudi kwa sehemu, taa bado inawaka. Alimlipa mjomba nusu. Mjomba hakubishana, ingawa kasoro aliijua, nozeli aliiona, na namba yake ilikuwa imechongwa juu yake wazi. Alichokosa ni ruhusa.

Kwingineko ruhusa hiyo imepiganiwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 iliyoleta kiwango cha Euro VI kwa magari mazito ilidai pia mafundi huru wapewe taarifa za ukarabati. Huko Massachusetts, Marekani, wananchi walipiga kura ya haki ya kutengeneza magari mwaka 2012, wakapiga tena mwaka 2020, safari hii juu ya taarifa ambazo gari hutuma bila waya. Mwaka 2015 watengenezaji wa malori wa Amerika Kaskazini walitia saini makubaliano na vyama vya soko la vipuri. Lori lililotumika Ulaya likiuzwa na kupanda meli kuja Mombasa, linakuja na kufuli lake. Haki ya kulifungua inabaki bandarini lilikotoka.

Wapo watakaosema kufuli hilo lina faida. Kompyuta ya injini ikichezewa ovyo, moshi unaongezeka na ajali zinaweza kutokea. Sikatai. Lakini kibali kinaweza kutolewa kwa fundi aliyefunzwa na kupimwa, awe wakala au asiwe. Kinachomnyima mjomba wangu si ujuzi, ni kutokuwepo kwa mtu wa kumsemea wakati makubaliano yanaandikwa.

Nchi zetu zinajua kukubaliana zikitaka. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kufuatilia mizigo ya transiti kwa mfumo mmoja wa vifaa vya kielektroniki, ili ushuru usipotee. Mzigo ulio mgongoni mwa lori ulipata makubaliano ya nchi tatu. Injini inayouvuta bado haijapata. Nadhani hiyo ndiyo kazi ya kizazi chetu, na haitafanywa na wahandisi peke yao. Itahitaji wanasheria, wanauchumi, na hata sisi wa historia na Kiswahili, tunaojua jinsi watu wa njia hii walivyopata lugha moja bila kupigiwa kura Detroit wala Brussels.

Siku ya kurudi chuoni nilipita gereji kuaga. Mjomba alikuwa amebandika karatasi ndani ya kifuniko cha kompyuta, kwa mwandiko wake: fungua swichi, chagua mtandao, chagua adapta, unganisha simu kwa waya. Chini yake aliacha nafasi tupu. Nilimuuliza ya nini.

"Ya kile kibali," alisema. "Siku mkikileta, nitaandika hapo."