Kubana Picha Kabla ya Kuzipandisha Tovutini

Kubana picha ni kupunguza uzito wa faili lake ili lipite kwa wepesi mtandaoni, bila kuharibu kile ambacho jicho la msomaji linakitafuta. Katika parokia nyingi jambo hili huachiwa mafundi, ilhali anayelipa gharama yake ni muumini anayeifungua picha. Picha moja ya simu, yenye pikseli 4,000 kwa 3,000, aghalabu huwa na megabaiti 3 hadi 5. Picha 20 za upadrisho zenye uzito huo humaliza megabaiti zipatazo 80 za kifurushi alichokinunua mama aliye kigangoni ili amwone mwanawe akiwekewa mikono. Zikibanwa vema, picha zilezile huweza kutoshea katika megabaiti 5 au 6.

Hatua ya kwanza, nayo ndiyo yenye faida kubwa, ni kupunguza vipimo: pikseli 1,200 hadi 1,600 kwa upande mrefu zatosha. Wengine huiruka hatua hii, wakaishia kuwa na picha kubwa yenye ukungu. Kisha picha ihifadhiwe kwa mtindo wa JPEG, uliokubaliwa kimataifa mwaka 1992, kwa kiwango cha ubora cha 75 hadi 80. Mtindo huu hutumia udhaifu wa jicho letu: twatambua tofauti za mwanga na kivuli kuliko tofauti ndogondogo za rangi, basi sehemu ya maelezo ya rangi huachwa nasi tusigundue. Kwa nembo ya jimbo na michoro yenye maandishi, mtindo wa PNG wafaa zaidi.

Kilichoachwa hakirudi. Kwa hiyo hubanwa nakala, kamwe si picha asili. Nayo ibanwe mara moja tu, kwani kila ihifadhiwapo upya kwa JPEG hupoteza tena. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imekwisha kubanwa. Afadhali itumwe kama hati. Picha asili za maadhimisho ya sakramenti ni kumbukumbu ya parokia, na zikae katika diski mbili zilizo mahali tofauti.

Jambo moja husahaulika mno. Faili la picha ya simu laweza kubeba saa na mahali ilipopigwa. Programu nyingi za kubana zaweza kuyafuta maelezo hayo, lakini si zote zifanyazo hivyo zenyewe. Kwa picha za watoto wa Komunyo ya Kwanza, yafutwe kabla ya kupandishwa, na ridhaa ya wazazi iwe imekwisha kupatikana.