Askari wa Boma na Walinzi wa Mtaa

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza jambo ambalo kila mtu hulijua kwa macho, lakini asili yake si wengi waijuao: polisi wa nchi ya Arusha na Meru walitoka wapi, na waliwekwa kwa kazi gani.

Kabla ya Wadachi hapakuwa na polisi wala gereza penye mlima huu. Lakini tusidhani ya kuwa hapakuwa na amri. Kwa Wameru mashauri yaliamuliwa na washili, wakuu wa koo. Kwa Waarusha wazee na malaigwanani wa marika ndio waliokaa barazani, na mkosaji alitozwa mifugo. Ulinzi wa nchi ulikuwa kazi ya morani.

Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapa, na Wadachi wakaja kulipiza kisasi. Karibu na mwaka 1900 wakajenga Boma ya Arusha, na wenyeji wakashurutishwa kuijenga. Jengo lingali limesimama, nalo sasa ni makumbusho. Basi askari wa kwanza waliokaa humo hawakuletwa ili wamkinge mwenyeji na mwizi. Waliletwa ili mwenyeji atii.

Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916. Polisi wa Tanganyika waliundwa tarehe 25 Agosti 1919, makao makuu yao yakiwa Lushoto, yakahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1930. Walikaa hasa mijini, penye reli na karibu na mashamba ya masetla. Vijijini, kwa sheria ya mwaka 1926, ulinzi uliachiwa wakuu wa wenyeji na matarishi wao. Mwanakijiji aliyeibiwa mbuzi alikwenda kwa mshili au kwa Mangi, polisi hakumjua.

Ndiyo sababu mwezi wa Novemba 1951 haukusahauliwa. Serikali ilikuwa imekata shauri kuwaondoa Wameru katika Engare Nanyuki, ili nchi hiyo wapewe masetla wa kufuga ng'ombe. Watu wapatao 3,000 waliambiwa wahamie Kingori, nao wakakataa kwa utulivu, pasipo kuinua silaha. Polisi wakaja. Watu walitolewa nyumbani mwao, mifugo ikaswagwa, nyumba zikatiwa moto. Wengi wa wazee wale hawakuwa wamepata kumwona polisi kijijini mwao kwa jambo la kuwafaa; walipomwona alikuwa na kiberiti. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwashitakia Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa, ila nyumba zilikuwa majivu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, jeshi lilibaki na mpango wake uleule. Mwaka 1964 Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Lakini kubadili mkuu ni kazi nyepesi kuliko kubadili desturi. Mambo mapya yalianzia kwa raia wenyewe: mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi, wakichoshwa na wezi wa ng'ombe, waliunda sungusungu, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Sisi twaona hapo raia aliitangulia Serikali, ingawa sungusungu nao walipata kuwapiga wasio na hatia.

Mwaka 2006 Inspekta Jenerali Said Mwema alianzisha matengenezo yaliyoitwa polisi jamii: raia na askari washauriane, na ulinzi uanzie mtaani. Maneno hayo yalikuwa yangali mapya tarehe 5 Januari 2011, polisi walipotawanya maandamano mjini Arusha kwa risasi, wakafa watu watatu.

Hata hivyo mpango haukuachwa. Maofisa wa polisi walipelekwa katika kata, wakae na wananchi na kujulikana kwa majina. Katika kata kama Engutoto, mama wa nyumbani hatamuuliza ofisa huyo habari za sheria ya 1919. Atamwuliza kama usiku, mlango ukigongwa, atakuja.