Mkwaruzo na Neno: Historia Fupi ya Usikivu wa Redio ya Gari, kwa Kurejelea Niemba

1. Utangulizi

Historia ya utangazaji imezoea kuanzia studioni na kuishia kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Msikilizaji hutajwa kwa uchache, na redio ya gari kwa uchache zaidi, kana kwamba usikivu wake ni shauri la mafundi na la wapenda starehe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jitihada za kuboresha sauti garini zimekuwa, tangu mwanzo, jitihada za kuliokoa neno lisimezwe na kelele, na kwamba Kiswahili kina fungu lake katika jambo hilo. Mahali panaporejelewa ni Niemba, mji mdogo ulio kwenye reli ya Kabalo hadi Kalemie, katika mkoa wa Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

2. Kelele za injini

Mwaka 1930 kampuni ya Galvin ya Chicago ilianza kuuza redio za gari kwa jina la Motorola. Mwaka 1932 Blaupunkt ikatoa redio ya namna hiyo nchini Ujerumani. Moja ya shida kubwa za waundaji wa wakati huo ilikuwa cheche za plagi. Kila cheche hutoa wimbi la redio, na antena hulipokea wimbi hilo pamoja na matangazo. Katika masafa ya kati na masafa mafupi sauti hubebwa na kupanda na kushuka kwa nguvu za wimbi (AM), kwa hiyo ni vigumu kwa redio kutenga nguvu za cheche na nguvu za matangazo. Dereva akiongeza sauti, mkwaruzo nao huongezeka.

Dawa ilitafutwa kwenye chanzo. Nyaya za plagi zikawekewa vizuizi vya umeme. Dainamo, na baadaye altaneta, ikafungiwa kondensa. Boneti na antena zikaunganishwa vizuri na bodi ya gari. FM, ambayo Edwin Armstrong alipata hataza zake mwaka 1933, ilikata mzizi wa fitina. Katika FM sauti hubebwa na mabadiliko ya kasi ya mtetemo wa wimbi, wala si na nguvu zake. Hivyo redio huweza kuufyeka mkwaruzo bila kuligusa neno. Mwaka 1952 Blaupunkt ikaiingiza FM katika redio ya gari.

3. Fonimu zinazopotea

Hapa ndipo mwanaisimu anapokuwa na la kusema. Nguvu kubwa ya voweli za Kiswahili imo chini ya hezi 1,000. Vikwamizi huishi juu zaidi: /sh/ huanza kupata nguvu karibu na hezi 2,500, na /s/ kuanzia karibu na hezi 4,000. Matangazo ya masafa mafupi kwa kawaida hayapitishi sauti inayozidi sana hezi 4,500. Basi sehemu kubwa ya /s/ hukatwa kabla haijamfikia msikilizaji, na tofauti ya *suka* na *shuka*, au ya *sindano* na *shindano*, huachiwa muktadha.

Gari huongeza hasara hiyo. Mngurumo wa injini na magurudumu ni sauti nene, na sauti nene yenye nguvu huifunika sauti nyembamba sikioni. Kwa sababu hiyo anayezidisha besi ili ashinde mngurumo hulifunika neno mara ya pili. Mafundi wazoefu hufanya kinyume: hupunguza besi, huinua spika ndogo kutoka chini ya mlango hadi usawa wa kifua au sikio, huziba matundu ya mlango ili mgongo wa spika usipingane na uso wake, na hubandika bati kwa ndani lisitetemeke.

Matatu za Nairobi zilijulikana kwa kufuata njia nyingine, ile ya kishindo, na mwaka 2009 Kenya ilitoa kanuni za kudhibiti kelele kwa jumla. Tofauti ni kwamba abiria wa matatu mara nyingi anaujua wimbo, na maneno yasiyosikika hujijazia mwenyewe. Taarifa ya habari haina msikilizaji anayeijua kabla ya kutangazwa.

4. Njia ya Niemba

Kwa miongo mingi Kiswahili cha mbali kiliwafikia wasikilizaji wa mashariki ya Kongo kwa masafa mafupi: BBC ilianza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 1957, Deutsche Welle mwaka 1963. Mwaka 2002 Radio Okapi ilianza kutangaza nchini Kongo, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake, na Kalemie ikapata kituo cha FM. Usafi ulikuja, lakini kwa masharti. Wimbi la FM haliendi mbali sana kupita upeo wa macho, na vilima hulizuia. Gari linaloiacha Kalemie na kuelekea bara, upande wa Niemba, huliacha wimbi hilo nyuma kidogo kidogo. Hapo hakuna spika wala amplifaya itakayorudisha kisichopokewa. Kinachosaidia ni antena nzuri na mtambo wa kupokezana.

5. Hitimisho

Niemba yenyewe inaweka mpaka wa hoja hii. Tarehe 8 Novemba 1960 askari 11 wa Ireland waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa walifika kwa magari kwenye daraja lililovunjwa katika eneo hilo, wakakutana na Waluba wenye mishale. Inasimuliwa kwamba kiongozi wao, Luteni Kevin Gleeson, aliwaendea akisema "Jambo". Waluba walikuwa wameshambuliwa na majeshi ya Katanga, na wazungu wenye bunduki walikwisha kuwa maadui machoni mwao. Askari 9 walipoteza maisha. Waluba nao waliuawa.

Neno hilo halikupita katika antena wala spika, na huenda lilisikika lote. Halikuaminika. Kuboresha usikivu, garini au kwingineko, ni kulifikisha neno sikioni likiwa zima. Kazi hiyo inastahili kufanywa vizuri, kwa sababu neno lililofika nusu halina hata nafasi ya kuaminiwa. Lakini imani haiongezwi kwa kitufe. Hutangulia neno, na hujengwa na wale wanaosema.