Kinu, Manati au Kombeo? Jina la Mrusho wa Softiboli

Binti wa Mamba, huko Mpimbwe mkoani Katavi, akirudi nyumbani na kusema amechaguliwa kuwa "picha" wa timu ya shule, baba yake atamuuliza mpiga picha anakuja lini. Hana kosa. Neno la Kiingereza la mchezaji anayemrushia mpira mpigaji katika softiboli, likiandikwa kwa sauti za Kiswahili, linaangukia papo hapo kwenye neno ambalo tayari lina mwenyewe. Kukopa na kutia irabu mwishoni, njia iliyotupa tiketi, glavu na baiskeli, hapa imegoma.

Softiboli yenyewe si mchezo uliozoeleka Katavi. Wasichana wa shule huko, kama kwingine nchini, wamekulia kwenye mpira wa pete, riadha na rede. Ila mchezo umekwisha kuingia Tanzania. Kuanzia miaka ya 2010, kwa msukumo wa Wajapani, besiboli ilianza kuchezwa katika shule kadhaa za sekondari, Azania ya Dar es Salaam ikiwa mojawapo. Mashindano ya kitaifa yakapewa jina la Koshien, kwa kufuata uwanja maarufu wa Japani uliofunguliwa mwaka 1924, ambako timu za shule za sekondari za nchi hiyo hukutana. Softiboli ya wasichana ikaja nyuma ya besiboli. Nchini Uganda michezo hii miwili imeota mizizi zaidi. Kwa hiyo msamiati wake utahitajika, na heri ukatafutwa mapema kuliko kusubiri kila kocha ajitungie wake.

Tuanze na jina la mchezo, maana lenyewe lina mtego. Mfasiri mwenye haraka atasema "mpira laini". Mzazi atakayeamini tafsiri hiyo na kwenda kuudaka mpira kwa kiganja kitupu atajuta. Mpira wa softiboli ya wasichana wakubwa una mzingo wa sentimita 30 na ushee na uzito unaokaribia gramu 200, na ni mgumu. Ulaini ulikuwa wa siku za mwanzo tu. Mnamo Novemba 1887, katika klabu ya wapiga makasia ya Farragut mjini Chicago, vijana walikuwa ukumbini wakingoja matokeo ya mechi ya vyuo vya Yale na Harvard. Mmoja akarusha glavu ya ndondi, mwenzake akaipiga kwa fimbo. Mwandishi wa habari George Hancock akaona huo ni mchezo, akaifunga glavu kwa kamba ikawa mpira, na besiboli ya ndani ya ukumbi ikazaliwa. Jina la sasa lilikuja baadaye sana, mwaka 1926, kwa pendekezo la Walter Hakanson wa Denver. Mpira ukaendelea kuwa mgumu, jina likabaki pale pale. Afadhali kusema softiboli na kuyaacha matata hayo kwa wenyewe.

Kwa anayerusha, Kiswahili kina vitenzi vya kutosha: kutupa, kurusha, kuvurumisha. Kutupa kuna harufu ya jalala, ingawa katika riadha tunatupa tufe bila wasiwasi. Kuvurumisha ni kwa nguvu mno, na mrusho mzuri wa softiboli mara nyingine huwa wa taratibu makusudi. Kinachobaki ni kurusha, na kutoka hapo unapata mrushaji, mrusho na urushaji bila kumwomba mtu ruhusa. Kasoro yake ni ya mtaani: aliyerushwa ni aliyedhulumiwa fedha zake. Lakini kasoro hiyo nayo ina faida. Mrushaji hodari ana mpira mmoja unaotoka kwa mkono ule ule wa kasi huku wenyewe ukienda polepole, mpigaji akachapa hewa kabla haujafika. Huyo karushwa kwa maana zote mbili.

Ugumu unaanzia kwenye mrusho wenyewe. Katika besiboli mpira hutoka juu ya bega, kama mtu anayerusha jiwe. Katika softiboli ya kasi kanuni zinataka utoke chini: wakati wa kuachia, kiganja kiwe chini ya nyonga, na kifundo cha mkono kisiwe mbali na mwili kuliko kiwiko. Mrushaji huanza miguu ikigusa kibao kilichozikwa usawa wa ardhi, mita 13.11 kutoka kituo cha mpigaji kwa wanawake. Watoto wa chini ya miaka 12, kwa kanuni zinazotumika Marekani, husogezwa hadi mita 12 hivi. Mkono hutoka mbele, hupanda ukipita karibu na sikio, hushuka nyuma, kisha hufagia nyonga, na hapo ndipo vidole huachia. Ni duara moja. Kuzungusha mara mbili kamili hakuruhusiwi. Mpira lazima upite juu ya kituo chenye upana wa sentimita 43, kati ya kwapa na magoti ya mpigaji. Ukipita humo naye asipige, ni straiki, na straiki tatu humtoa.

Waingereza na Wamarekani huuita mrusho huo kwa jina la mashine ya kusagia nafaka inayozungushwa na upepo. Kamusi zitakupa "kinu cha upepo". Sasa mwambie mzazi wa Mamba kwamba binti yake anajifunza mrusho wa kinu. Kwake kinu ni kile cha kutwangia, na kazi ya kinu ni mchi kupanda na kushuka kwa mstari ulionyooka. Atamfundisha mtoto kutwanga, yaani kuinua mkono na kuuporomosha. Hilo ndilo kosa ambalo makocha hukesha wakilirekebisha: mkono uliopinda kiwiko juu ya kichwa, duara likavunjika katikati. Istilahi inaweza kuwa sahihi kwenye kamusi na bado ikamharibia mtoto mkono uwanjani.

Jina linalofaa liko shambani. Mpimbwe ina mashamba ya mpunga, na palipo na mpunga hapakosi ndege. Kuamia ni kazi ya msimu mzima pale punje zinapoanza kujaa maziwa. Mtoto hupanda dunguni, na silaha yake ya zamani ni kombeo, ambalo wengine huliita teo: ukanda uliosukwa, wenye kitako cha kuwekea jiwe, ncha moja ikiwa imefungwa kidoleni na ya pili imebanwa kwa dole gumba. Unalizungusha, unaachia ile ncha iliyobanwa, jiwe linakwenda. Kanisani wamelisikia tangu utotoni, kwa Daudi na Goliathi. Aliyewahi kuamia anajua jambo ambalo kocha angehitaji siku nyingi kulieleza: nguvu ya jiwe haitoki kwenye msuli wa mkono, inatoka kwenye mzunguko, na shabaha yote iko kwenye nukta ya kuachia. Ukiwahi, jiwe linalima ardhi. Ukichelewa, linapaa.

Katika softiboli mkono wenyewe ndio ukanda. Ndiyo maana huhitajika uwe umelegea na mrefu badala ya kukakamaa. Kutoka juu hadi nyonga unaongeza mwendo, kisha sehemu ya chini ya mkono hugusa ubavu wa paja au nyonga, ikapunguzwa kasi ghafla, na kiganja kikachapuka mbele. Mchapuko huo ndio unaoupa mpira kasi na mzunguko wake. "Mrusho wa kombeo" unabeba yote hayo ndani ya maneno matatu. Zaidi ya hayo, jina linafuata desturi ya lugha yenyewe, iliyokwisha kuita michezo kwa vitu vinavyoonekana: mpira wa pete, mpira wa wavu, mpira wa kikapu. Mjadala ukifika mezani kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, hoja hiyo ya mwisho ina uzito, kwa kuwa kawaida ya kuunda istilahi ni kutazama kwanza kilichomo ndani ya Kiswahili na lugha jirani kabla ya kuvuka bahari.

Kuna pingamizi la haki. Mwenye kombeo anaweza kulizungusha mara nyingi apendavyo, mrushaji ni duara moja tu. Sawa, na hilo halina budi kuambatana na somo. Pingamizi la pili ni kwamba Wamarekani tayari wanao mrusho mwingine wenye jina linaloelekea huko huko. Hapa mambo yanakaa vizuri kuliko mtu angetarajia. Mrusho huo wa pili hauna duara: mkono unavutwa nyuma hadi mwisho, kisha unarudishwa mbele kwa njia ile ile. Na kifaa wanachokitaja siku hizi ni kile cha panda na mpira wa kuvuta. Sisi tunakiita manati. Basi mrusho wa manati ni wa kuvuta na kuachia, mrusho wa kombeo ni wa kuzungusha, na mtoto yeyote aliyewinda ndege hatavichanganya. Mrusho wa manati si wa kudharauliwa. Joan Joyce aliutumia mwaka 1961 kule Waterbury, Connecticut, mbele ya Ted Williams, mmoja wa wapigaji wakubwa kabisa wa besiboli, na Williams akashindwa kumpiga vya maana.

Wanaotumia kombeo ndio waliotawala baadaye. Mwaka 2012 Monica Abbott alirusha mpira wa kilomita 124 kwa saa. Hata mpira wa kilomita 100 humfikia mpigaji katika muda usiotimia nusu sekunde, naye anatakiwa aone, aamue na apige humo humo.

Mzazi anaingiaje? Jibu zuri ni la familia ya Jennie Finch, aliyezaliwa California mwaka 1980, akashinda mechi 60 mfululizo akirushia Chuo Kikuu cha Arizona, na mwaka 2004 akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Athens. Kocha wake wa tangu utotoni alikuwa baba yake, Doug. Huyu hakuishia kumdakia binti mipira uani. Alibuni mtambo wa kuzungushia mkono, ili misuli ya mrusho ijengeke bila mpira kurushwa kila mara. Jambo la kuigwa hapo ni kulielewa duara kabla ya kutaka kasi. Mtambo ni ziada.

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mrusho wa chini hauumizi, na timu nyingi zikamtegemea mrushaji mmoja mechi zote. Vipimo vya wataalamu wa mwendo wa viungo vimeonyesha vingine: wakati wa kuachia, nguvu inayolivuta bega hukaribia uzito wa mwili wa mrushaji mwenyewe. Mfano unaopendwa kusimuliwa ni wa Yukiko Ueno wa Japani, aliyerusha mipira 413 kwa siku mbili, Agosti 2008 mjini Beijing, nchi yake ikaishinda Marekani na kuchukua dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 2021 alirusha tena kwenye Olimpiki ya Tokyo, dhahabu ya pili. Hadithi tamu, ila ni ya mtu mzima aliyeandaliwa miaka mingi. Baba anayemwambia binti wa miaka 11 "rusha kumi nyingine, mama" wakati mtoto ameshaanza kushika bega, anaharibu.

Upande wa kudaka, rede imeshafanya kazi nusu. Msichana aliyekaa katikati akiukwepa mpira wa soksi na matambara, na mwenzake wa pembeni anayeudaka na kuurudisha upesi, wanajua kusoma mpira ukingali hewani. Neno mdakaji basi halihitaji kamati. Mpira huo huo wa matambara ndio unaofaa kuanzia: mita nne tu kutoka ukutani, bila hatua ya mguu, kujifunza mchapuko wa kiganja peke yake. Kisha mkono ukianzia juu ya kichwa. Duara zima mwisho.

Baba naye ana kiti chake. Marekani, wazazi wanaowadakia mabinti huketi juu ya ndoo iliyofunikwa, na wamepachikwa jina kwa ndoo hiyo. Mzazi wa ndoo anaeleweka Mamba bila maelezo, kwa kuwa ndoo ya lita 20 haikosekani nyumbani. Kinachokosekana ni glavu na kinyago cha uso, na mpira mgumu ukishaingia mchezoni hivyo havina mbadala. Mpaka vipatikane, baba akae na ndoo yake pembeni, aangalie kiwiko, na binti aurushe ukutani ule wa soksi.